Kadhia ya Kompyuta Inayojizima

Miongoni mwa malalamiko yanayofikishwa kila siku kwa mafundi wa kompyuta mjini Bariadi, hakuna lililo fupi kwa maneno na refu kwa sababu kama hili: mashine inawaka, kisha inazima. Mwenye mali hulitamka akiwa amesimama mlangoni, kisanduku cha chuma amekikumbatia kifuani na jasho la adhuhuri likimtiririka, na aghalabu hujibiwa kabla hajapewa hata kiti. Ataambiwa kwamba pawa saplai imekufa, au, akiwa na bahati mbaya zaidi, kwamba madabodi imeungua na hana budi kutafuta nyingine. Majibu hayo mawili huweza kuwa kweli. Lakini yanapotolewa kabla ya dalili kusikilizwa, yanakuwa ni kubahatisha kwa fedha ya mtu mwingine, na katika mkoa ambao mwenye duka la steshenari huweza kuwa ameinunua mashine yake kwa mapato ya msimu mzima wa pamba, kubahatisha huko ni dhuluma.

Dai ninalotaka kulithibitisha hapa ni kwamba kompyuta inayojizima, mara nyingi, haijafa wala haikaribii kufa, bali inajilinda. Kwamba muda unaopita baina ya kuwaka na kuzima ni dalili yenye thamani kuliko harufu, sauti au umri wa mashine. Na kwamba huku Simiyu uchunguzi unapaswa kuanzia ukutani na kuingia ndani, ilhali vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya wasomaji wa Ulaya na Marekani huanzia ndani, kwa kuwa waandishi wake waliishi mahali ambapo umeme wa ukutani hautiliwi shaka.

Mkoa huu ulizaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na sehemu ya Mwanza, ukapewa wilaya tano, yaani Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, na makao yake makuu yakawekwa Bariadi. Ofisi zikaja, na pamoja na ofisi zikaja karatasi, na pamoja na karatasi ikaja haja ya kuchapa, kuhesabu na kutunza kumbukumbu. Leo shule za sekondari, zahanati, vyama vya msingi vya wakulima wa pamba na vibanda vya kutoa nakala vyote vina kompyuta ya mezani au vinaitamani. Nyingi kati ya mashine hizi zimekwisha kutumika ughaibuni: ni Dell OptiPlex na HP Compaq zilizofanya kazi miaka kadhaa katika ofisi za nchi tajiri, zikauzwa Kariakoo jijini Dar es Salaam, kisha zikapanda basi hadi Bariadi, ama kwa njia ya Shinyanga na Maswa, ama kwa njia ya Mwanza na Lamadi. Safari hiyo peke yake yatosha kulegeza kipande cha ramu katika mfereji wake au kung'oa mguu mmoja wa kipoza joto cha prosesa, na mnunuzi huipokea mashine iliyokuwa nzima Kariakoo ikamfikia imejeruhiwa, pasipo yeyote kuwa na nia mbaya.

Kabla ya kumtuhumu yeyote, ni lazima tufahamu mwenendo wenyewe wa kuwaka. Kompyuta ya mezani ikiwa imechomekwa kwenye soketi hailali kabisa hata inapozimwa; pawa saplai yake huendelea kutoa volti 5 za akiba kupitia waya wa zambarau, ili bao kuu, ambalo mafundi wetu huliita madabodi, liwe macho kungojea kitufe. Kitufe kikibonyezwa, bao kuu huuteremsha waya wa kijani hadi sifuri, na hiyo ndiyo amri ya saplai kuamka. Saplai huamka, hutoa volti 12, volti 5 na volti 3.3, hujipima yenyewe, na ikiridhika hutuma kupitia waya wa kijivu taarifa kwamba umeme uko sawa; ndipo prosesa hupata ruhusa ya kuanza kazi. Taarifa hiyo ikiondoka wakati wowote, kila kitu husimama. Hali kadhalika, prosesa ikihisi joto la hatari ina njia yake ya kuamuru mashine izimwe, na saplai ikihisi kwamba mkondo umezidi kiasi, au kwamba nyaya mbili zisizopaswa kugusana zimegusana, hujifunga yenyewe. Basi wapo walinzi kadha wa kadha, kila mmoja akiwa na mamlaka ya kuzima pasipo kumshauri mwenzake, ilhali mwenye mali huona tokeo moja tu, yaani kioo kimekuwa cheusi. Kazi ya fundi ni kumtambua mlinzi aliyetoa amri, na kujua aliona nini.

Hapo ndipo muda unapotufaa. Watu hawaupimi muda kwa saa, huupima kwa kazi waliyoifanya, na kwa hiyo fundi mwangalifu huuliza: “Mwalimu, ikishawaka unawahi kufanya nini kabla haijazima?” Mwalimu akijibu kwamba feni huzunguka kidogo tu zikasimama, hata nembo ya mtengenezaji haijatokea, basi tuna yakini kwamba joto halihusiki, maana hakuna prosesa iliyofungwa vizuri inayochemka ndani ya sekunde moja. Akijibu kwamba anawahi kuingiza neno la siri na kuandika aya mbili tatu, joto linakuwa la kwanza kutuhumiwa. Akijibu kwamba asubuhi mashine hufanya kazi vizuri hadi saa nne, kisha ikasumbua mchana kutwa na kutulia tena usiku, ni heri fundi asishike bisibisi kwanza. Ashike mita ya umeme aende naye shuleni.

Umeme wa gridi hapa nchini hutolewa kwa volti 230 na kwa mzunguko wa hezi 50, lakini kile kinachoondoka katika transfoma si lazima ndicho kinachofika katika soketi ya mwisho wa mtaa. Waya ukiwa mrefu na nyumba zilizouegemea zikiwa nyingi, volti hupungua njiani, na huo ndio umeme ambao watu huuita mdogo, wa balbu kufifia na friji kuguna bila kuanza. Katika mkoa unaoongoza nchini kwa kilimo cha pamba, msimu wa mauzo unapofunguliwa na viwanda vya kuchambua pamba vikaanza kunguruma, mota kubwa huongezwa juu ya mzigo wa kawaida. Na mota ya umeme inapoanza tu kuzunguka huweza kuvuta mkondo mara tano hadi saba ya ule itakaouhitaji ikishatulia. Mashine za kusaga nafaka na za kuchomelea vyuma nazo hufanya hivyo hivyo kwa kiasi chake. Jirani mwenye kompyuta hahisi ila mpepeso wa taa, na pengine hata huo hauoni.

Kwa nini mpepeso mdogo namna hiyo uizime kompyuta? Kanuni za pawa saplai za aina ya ATX, ambazo kampuni ya Intel ilizitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1995 na kuzirekebisha baadaye, zinadai kwamba umeme ukikatika ghafla, saplai iendelee kuilisha mashine kwa akiba yake ya ndani kwa muda wa milisekunde 16 au 17 hivi. Mzunguko mmoja wa umeme wetu wa hezi 50 huchukua milisekunde 20. Maana yake ni kwamba hata saplai mpya kabisa haikuahidiwa kuvuka mzunguko mmoja uliopotea. Sasa chukua saplai iliyokwisha kufanya kazi miaka kumi, ambayo kapasita zake zimekauka na akiba yake imepungua, halafu uiunganishe na waya wenye umeme mdogo, ambapo akiba hiyo hujazwa nusunusu tangu mwanzo. Utafahamu kwa nini mashine iliyovumilia mipepeso ya kila aina huko ilikotoka huanza kuzimika katika mtaa ambao balbu hazionyeshi tatizo lolote. Kasoro hapo ni ya pande mbili, na atakayebadilisha saplai pasipo kuutazama ukuta atapata nafuu ya miezi michache, kisha atarudi alipokuwa.

Uchunguzi wa ukutani hauhitaji elimu kubwa. Kompyuta ichomolewe katika ekstensheni na kuchomekwa moja kwa moja kwenye soketi ya ukuta; isipotulia, ipelekwe chumba kingine, kisha nyumba nyingine iliyo chini ya transfoma nyingine. Ikitulia huko, hapana haja ya kuifungua. Ikiwa mita ipo, volti zipimwe pale pale soketini, tena wakati mzigo upo, si usiku wa manane mtaa ukiwa kimya. Nimeona katika vibanda vya nakala jinsi ekstensheni moja ya bei ya chini inavyobebeshwa kompyuta, kioo, chaja tatu za simu na mashine ya kutoa nakala. Na mashine za leza, za kuchapa na za nakala, zina kipande kinachopashwa moto ili kuyeyusha wino wa unga, na kila kinapopashwa huvuta mamia ya wati kwa mkupuo, pengine kupita wati elfu moja. Ukiishika plagi ya ekstensheni hiyo utaikuta ina joto, na ukiigeuza utaona plastiki kandokando ya pini imeiva rangi ya hudhurungi. Kila mteja anapoomba nakala, kompyuta inazima, na mwenye duka anaamini kwamba kompyuta yake haipatani na mashine ya nakala, ilhali kinachokosekana ni shaba iliyokaza ndani ya plagi.

Kipo pia kifaa kimoja kidogo kinachostahili kutajwa kwa sababu hudhaniwa kuwa dawa. Ni kile cha kulinda friji, ambacho watu wengi wamekigeuza kuwa mlinzi wa kila kitu cha nyumbani. Kifaa hicho hakisahihishi umeme. Umeme ukishuka au ukipanda kupita kiasi hukata, hungoja dakika kadhaa, kisha hurudisha. Friji hushukuru kwa tadbiri hiyo. Kompyuta iliyochomekwa humo bila UPS, yaani kisanduku cha betri ya akiba, huzimwa kila umeme unapoyumba, na mwenyewe humlaumu fundi. Stabilaiza husahihisha volti zinazoshuka polepole, lakini haizibi pengo la umeme uliokatika. UPS huliziba pengo hilo, kwa sharti kwamba betri yake ni hai. Na betri ya asidi iliyofungwa, ile ndogo ya volti 12, ambayo mahali pa baridi yadumu miaka mitatu hadi mitano, hupoteza karibu nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka, na vyumba vingi vya Bariadi vyenye bati bila dari si mahali pa baridi. UPS yenye betri iliyokufa ni kiungo kingine tu kinachoweza kuzima. Na yafaa kujua kwamba baadhi ya UPS za bei nafuu hutoa umeme wa mawimbi yenye ngazi, ambao baadhi ya saplai za kisasa huukataa, kiasi kwamba mashine huzima pale pale UPS inapoingia kazini. Hapo vyote viwili ni vizima, ila havikuumbwa kwa ajili ya kuishi pamoja.

Ikiwa balbu za nyumba moja zinang'aa kupita desturi na za nyumba ya pili zinafifia kwa wakati ule ule, tatizo huenda ni waya wa nyutro uliolegea nguzoni au kwenye kiunganishi cha kuingilia nyumbani. Hilo si la fundi kompyuta wala la mwenye nyumba. Vitu vyote vichomolewe na shirika la umeme, TANESCO, liarifiwe, maana nyutro ikikatika kabisa, volti za nyumba moja huweza kupanda kuelekea 400, na hakuna saplai itakayosalimika.

Ukuta ukishatakasika, tuingie kisandukuni, na tuanze na lile linalosahaulika kuliko yote kwa kuwa ni dogo. Kompyuta za mezani karibu zote zimewekewa desturi kwamba kitufe cha kuwashia kikibanwa kwa muda wa sekunde nne mfululizo, mashine huzimwa kwa nguvu. Basi kitufe kilichoingiwa na vumbi au kilichomwagiwa soda, kikabonyea na kisirudi, huiwasha mashine na baada ya sekunde nne huizima, kila mara kwa muda ule ule usiobadilika. Usawa huo wa muda ndio unaokifichua, kwa kuwa maradhi mengine hayahesabu sekunde kwa uaminifu kiasi hicho. Fundi huchomoa waya mwembamba wa kitufe kutoka katika bao kuu, akazigusanisha kwa ncha ya bisibisi pini mbili ulimokuwa umechomekwa, mara moja na kuachia. Mashine ikikaa, ameshapata. Ni mabao makuu mangapi yaliyotupwa kwa ajili ya kitufe cha plastiki, Mungu ndiye ajuaye, lakini mimi naamini si machache.

Mashine inayozima kwa kufumba na kufumbua, kabla hata ya sekunde mbili, kwa kawaida imeona mgusano. Skrubu iliyoanguka chini ya bao kuu, pini iliyopinda katika tundu la USB, waya uliobanwa na kifuniko, au mjusi kafiri aliyefuata joto akafia katikati ya pini mbili. Yote haya nimeyataja kwa sababu hutokea, na la mwisho hutokea katika nyumba zetu kuliko katika vitabu. Njia ya kuutambua mgusano ni kupunguza: huondolewa kila kisichohitajika, diski, kadi ya picha, vifaa vyote vya USB, ramu zote isipokuwa moja, kisha mashine huwashwa, ikikaa, virudishwe kimoja kimoja hadi mkosaji ajitokeze. Ramu zenyewe zisafishwe meno yake ya shaba kwa ufutio wa penseli na kurudishwa mpaka vifungo vyake vilie. Mashine ikiwa inajiwasha na kujizima tena na tena bila picha, ramu ndiyo ya kushukiwa mwanzo, na mashine za makampuni makubwa huwa na ishara zao: HP Compaq nyingi hupepesa taa nyekundu zikitoa milio, na Dell OptiPlex hubadili rangi ya taa ya kitufe, na idadi au mpangilio wa mipepeso hiyo una maana iliyoandikwa na mtengenezaji. Ni ajabu jinsi mashine inavyoweza kutaja maradhi yake waziwazi mbele ya watu wasioisikiliza.

Sasa joto. Kiangazi, tangu mvua zinapokoma hadi zinaporudi, vumbi la Simiyu halina mlango lisiloujua, na karibu na viwanda vya pamba vumbi hilo huchanganyika na nyuzi laini zinazopeperuka. Feni ya kompyuta haina hiari. Huvuta hewa pamoja na vyote vilivyomo. Ukiifungua mashine iliyokaa miaka miwili mbele ya mlango unaotazama barabara, ukaing'oa feni ya prosesa, aghalabu hukioni kipoza joto chenyewe. Utaona kipande cha blanketi la kijivu, kimeshonana kwa nyuzi na nywele, kimelala juu ya mapezi ya alumini na kuziba kila mwanya, na ukikiinua kwa kucha kinatoka kizima, na chini yake chuma kinang'aa kama siku kilipotoka kiwandani. Feni ilikuwa ikizunguka muda wote huo, tena kwa kelele, na mwenye mali aliamini kwamba feni inayozunguka ni dalili ya afya. Ilikuwa ikipuliza blanketi.

Prosesa nyingi za Intel zinapokaribia nyuzi 100 hujipunguza kasi ili zipoe, na mwenye mali hulalamika kwamba mashine imekuwa nzito. Joto likizidi kupanda, hukata umeme bila kuaga. Uzito kwanza, kisha kuzima, kisha kukataa kuwaka hadi ipumzike, hizo ni dalili tatu zinazofuatana, na anayezisikia zote hana haja ya kutafuta mbali. Vumbi liondolewe kwa brashi laini na hewa, nje ya nyumba, mashine ikiwa imechomolewa, na feni ishikwe kwa kidole isizungushwe na upepo. Wako wanaoipeleka kwa fundi matairi ipulizwe na kompresa. Sipendekezi hivyo, kwa kuwa hewa ya kompresa hutoka na matone ya maji. Baina ya prosesa na kipoza joto hupakwa dawa maalumu inayopitisha joto, ambayo baada ya miaka hukauka ikawa kama chokaa. Ifutwe yote na kupakwa nyingine, kiasi cha punje ya dengu. Na miguu minne ya plastiki inayokishikilia kipoza joto itazamwe mmoja baada ya mwingine, hasa kwa mashine iliyotoka safarini, kwani mguu mmoja ulioinuka hukiacha chuma kimeinama, na mashine ya namna hiyo huzima ndani ya dakika moja hata kama ni safi kama sahani.

Tukifika kwenye pawa saplai yenyewe, ni lazima nianze na hadhari. Ndani ya saplai umeme wa ukutani hugeuzwa kuwa wa njia moja na kuhifadhiwa katika kapasita kubwa kwa volti zipatazo 325, na hifadhi hiyo huweza kubaki kwa muda baada ya plagi kuchomolewa. Asiyesomea kazi hiyo asiifungue. Kinachopimwa kwa usalama ni nyaya zake za nje: wa manjano uwe na volti kati ya 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25, na wa rangi ya chungwa kati ya 3.14 na 3.47. Mafundi hupenda pia kuunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipini cha karatasi ili kuiamsha saplai nje ya mashine, na jaribio hilo lina faida, ila lina mipaka miwili ambayo husahaulika. Mpaka wa kwanza ni kwamba linafaa kwa plagi ya kawaida ya pini 24 tu; OptiPlex na EliteDesk nyingi za miaka ya karibuni zina plagi za kampuni zenyewe, zenye pini chache na mpangilio tofauti, na kuingiza kipini humo kwa mazoea ni kuunguza. Kwa sababu iyo hiyo, saplai ya kawaida ya dukani haiingii katika mashine hizo bila kiunganishi maalumu, jambo ambalo mnunuzi heri aambiwe kabla hajatoa fedha. Mpaka wa pili ni kwamba saplai isiyobeba mzigo haijajaribiwa. Ng'ombe wa jembe aliyechoka hutembea vizuri barabarani, na udhaifu wake huonekana anapoingizwa katika udongo mzito wa mbuga. Ndivyo ilivyo saplai iliyozeeka, hupimika salama juu ya meza, na volti zake huporomoka prosesa inapoanza kufanya kazi. Kipimo cha kweli ni cha mashine ikiwa kazini, au kuazima saplai nyingine inayojulikana kuwa nzima.

Mashine za zamani zenye swichi ndogo nyekundu nyuma ya saplai, ya kuchagua 115 au 230, zitazamwe kabla ya kuchomekwa. Iliyotoka Marekani ikiwa imeachwa katika 115 haitazima tu. Italipua fyuzi na kapasita kwa kishindo, na hapo hapana la kuchunguza.

Kapasita za bao kuu nazo zina historia yake. Nyingi kati ya zilizotengenezwa katika miaka ya mwanzo ya karne hii ziliingiwa na ubovu ulioenea duniani, na Dell OptiPlex za namba GX270 na GX280 zikawa maarufu kwa maradhi hayo. Chache zingali zimo katika stoo za shule. Kapasita mbovu hujulikana kwa macho: kilele chake kilichochongwa msalaba huvimba kikawa na mgongo, na pengine hutoa ukoko wa rangi ya kutu. Fundi hodari wa kulehemu aweza kuzibadilisha, lakini kwa mashine ya umri huo, mimi ningemshauri mwenye mali aokoe diski yake na kuiacha.

Imebaki programu, na hapa neno ni fupi. Kuzima na kuanza upya ni mambo mawili tofauti: mashine inayojiwasha tena yenyewe yaweza kuwa imekumbwa na kosa la Windows au la ramu, na mashine inayobaki kimya ni ya umeme au joto. Ili kuamua, iachwe mashine katika ukurasa wa BIOS, kabla Windows haijapakiwa, kwa saa nzima. Ikizimika hapo, Windows haina hatia. Ikiwa inazimika ndani ya Windows tu, daftari lake la matukio lisomwe, lakini tukio namba 41, ambalo wengi hulishika kama hukumu, linasema tu kwamba mashine ilizimika pasipo utaratibu, halisemi kwa nini. Namba 1074 ndiyo inayotaja programu au mtu aliyeamuru. Na mashine inayojizima kila baada ya saa moja kamili huenda ina Windows ya majaribio ambayo muda wake umekwisha, kwa maana toleo hilo limeumbwa kufanya hivyo.

Wakati wa masika kuna radi, na bonde la Ziwa Victoria, ambalo Simiyu imo ndani yake, ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye ngurumo nyingi kuliko zote. Hakuna kifaa cha dukani kitakachoisimamisha radi iliyopiga karibu. Kuchomoa plagi ukutani mawingu yanapojikusanya upande wa ziwa ndiyo kinga iliyo bora, pamoja na waya wa ardhini uliochimbiwa nondo yake ipasavyo, ambao katika nyumba nyingi umeachwa unaning'inia kwa kuwa taa huwaka hata bila huo.

Mashine iliyotengenezwa isikabidhiwe kwa kuwashwa dakika mbili juu ya meza ya fundi, mgongo wake wazi, katika umeme wa karakana. Ifungwe kifuniko chake, ipelekwe mahali inapofanyia kazi, ichomekwe katika soketi yake ile ile, mchana wa jua kali viwanda vikiwa vinaendeshwa, mashine ya nakala itoe nakala kando yake, nayo ipewe kazi nzito kwa saa moja au zaidi. Ikivuka hapo, fundi apokee ujira wake.